Tuta la Chini

Mwika, 12 Februari 2023

Wifi Stella,

Shikamoo. Sisi wazima. Mary amerudi shule, Eliona alikuwa na kikohozi, sasa amepona.

Kwenye msiba ulisema mambo ya shamba hayasemwi kwa simu, yaandikwe, ili mtu akisahau arudi asome. Ndiyo maana nakuandikia. Barua anakuletea Mama Kindness, yule anayeshusha ndizi soko la Mbuyuni kila Jumanne.

Ukoo ulikaa hapa nyumbani Jumapili. Hukuweza kuja, basi nakueleza kama ilivyosemwa. Mzee Hosea, mkuu wa ukoo, alisema kihamba hiki, nyumba na migomba na makaburi yake, ni cha kitinda mimba, na kitinda mimba alikuwa mume wangu Eliudi. Shemeji Primus akasema Eliudi hakuacha mtoto wa kiume, ameacha mjane na wasichana wawili, na wasichana wataolewa. Walibishana mpaka pombe ya mbege ikaisha. Mwisho Mzee Hosea akaamua hivi: mwenye kihamba ndiye anayelisha ukoo Krismasi, na chakula kitoke kwenye udongo wa kihamba, si sokoni. Nikiweza Krismasi hii, nakaa hapa mpaka nizikwe kando ya mume wangu. Nikishindwa, kihamba ni cha Primus na mimi narudi kwetu Marangu.

Ndizi zipo. Ng'ombe yupo. Kinachonitisha ni bustani. Bustani alishika Eliudi, mimi nilikuwa jikoni na zizini. Ukoo ukipanda wote kutoka Dar na Arusha ni watu themanini, na hao bila viazi, kachumbari na mboga ya mnavu watasema wamelala njaa. Matuta yapo manne juu, karibu na nyumba, na mawili makubwa chini, kwenye mpaka uliopandwa masale.

Umekuwa bibi shamba miaka thelathini. Nifundishe. Nitafuata neno kwa neno.

Wifi yako,
Elinipendo


Moshi mjini, 17 Februari 2023

Mama Mary,

Marahaba. Usilie. Bustani haitaki machozi, ina maji ya mfereji.

Fanya hivi. Samadi ya ng'ombe usiiweke mbichi, itaunguza mizizi. Irundike, ifunike kwa majani ya mgomba, igeuze kila wiki mbili, na baada ya miezi mitatu ukiishika iwe baridi na isinuke. Sota wakikata miche shingoni, zungushia majivu. Wadudu mafuta wakijaa chini ya majani, sabuni ya mche kipande cha kidole kwenye lita tano za maji, nyunyiza jioni. Yule mdudu kanitangaze akiingia kwenye nyanya, chuma kila jani lenye michoro uchome. Usilitupe chini, atatoka tena.

Matuta ya juu yamechoka. Marehemu aliyalima mno. Yape kabichi na vitunguu tu mwaka huu. Viazi, nyanya na mnavu weka matuta ya chini, maji yanafika vizuri. Mwezi wa tatu viazi. Vikitoka, nyanya hapo hapo.

Mbegu ya viazi usinunue. Nitakuletea nusu gunia mimi mwenyewe. Wewe ni mke wa mdogo wangu, nisipokusaidia wewe nimsaidie nani?

Stella


Mwika, 14 Machi 2023

Wifi Stella,

Shikamoo. Nusu gunia limefika. Nilihesabu viazi mia tatu na kumi na viwili, vyote vina macho mazuri. Nimepanda leo, sentimita thelathini kwa sabini kama ulivyosema, mstari kwa kamba. Eliona alishika kamba upande wa pili akauliza kama shangazi ni malaika. Nikamwambia ni bibi shamba, ni zaidi.

Mungu akulipe.

Elinipendo


Moshi mjini, 20 Machi 2023

Kaka Primus,

Nakuandikia maana simu yako anaipokea Justina, na mkeo akijua jambo saa tatu, saa nne linajulikana mpaka Himo. Soma, kisha choma.

Mbegu imeshakwenda ardhini. Niliichukua kwa mkulima aliyeng'oa shamba lake lote kwa mnyauko. Kiazi ukikitazama ni kizima, ugonjwa umelala ndani. Viazi vya kwanza atavuna, atafurahi. Nyanya zikifuata kwenye tuta lile lile, zitasimama mpaka zifikie kutoa maua, halafu zitalala mchana mmoja kama mtu aliyepigwa rungu. Hakuna dawa. Udongo ule utabaki mgonjwa miaka.

Usiogope kuhusu kihamba. Nimemweka matuta ya chini kwa makusudi. Ugonjwa huu unashuka na maji, haupandi mlima. Juu kutabaki safi, na huko ndiko nitakakolima mimi. Chini nitaotesha majani ya ng'ombe mpaka upoe.

Mimi sina ubaya na mwanamke yule. Lakini nilizaliwa nyumba ile, kitovu changu kimezikwa kwenye migomba ya mama. Niliporudi kutoka kwa mume na sanduku moja, baba alinipa chai, akaniuliza nitaondoka lini. Binti hana kihamba. Sawa. Basi na aliyekuja kwa kuolewa asikipate.

Kumbuka tulivyokubaliana: kihamba kwa jina lako, nyumba nikae mimi, na kaburi langu liwe pale kwa mama.

Dada yako,
Stella


Mwika, 9 Julai 2023

Wifi Stella,

Shikamoo. Viazi vimetoka madebe kumi na mawili. Mzee Hosea alipita, akabeba kimoja mkononi, akasema, "Huyu mjane ana mkono." Shemeji Primus alikuwepo. Alitazama pembeni.

Nina swali. Debe moja na nusu ni viazi ambavyo udongo umegandia machoni, na ukiubandua panatoka ute mweupe. Nilikata kimoja, ndani kina mviringo wa kahawia. Nivifanyeje?

Miche ya nyanya kwenye kitalu ina urefu wa kidole. Nimeotesha mia nne.

Elinipendo


Moshi mjini, 13 Julai 2023

Mama Mary,

Ni unyevu tu. Masika yalikuwa makali. Hivyo vyenye ute katakata uvifukie tutani, ni mbolea. Vilivyo vizuri chagua vya ukubwa wa yai, uweke mbegu ya Septemba, ndivyo vya Krismasi. Nyanya hamisha mwezi ujao, hapo hapo palipotoka viazi, udongo umeshalainika. Mnavu upande pembezoni.

Umekuwa mkulima. Marehemu angekuona.

Stella


Mwika, 2 Novemba 2023

Wifi Stella,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimesimama.

Jumatatu mchana nyanya kumi na saba zililala. Majani mabichi kabisa, hayana doa, hayana mdudu. Nilimwagilia. Jioni ziliinuka kidogo, nikamshukuru Mungu. Jumanne zilikuwa arobaini. Leo nimehesabu mia moja na sitini. Viazi vya pili vimeanza, na mnavu pia. Kabichi za juu na vitunguu ni vizima.

Martin, kijana bwana shamba wa kata, alipita. Alikata shina la nyanya, akalitumbukiza kwenye glasi ya maji safi, akaniambia nisiliguse. Baada ya dakika chache uzi mweupe ukaanza kushuka kutoka kwenye shina kama maziwa. Akasema ni mnyauko wa bakteria, nisipande tena hapo kitu cha jamii ya nyanya, nioshe jembe kila nikitoka chini, nisihamishe hata udongo wa kwenye viatu. Akauliza mbegu ya viazi nilitoa wapi. Nikamwambia kwa wifi yangu, mtaalamu. Akaandika kwenye daftari lake.

Wifi, huyu kijana anasema kweli? Zimebaki wiki saba.

Elinipendo


Moshi mjini, 6 Novemba 2023

Mama Mary,

Huyo Martin nimemfundisha mimi alipokuwa kwenye mafunzo, hakuwa anajua jembe na beleshi. Shina lolote ukilikata linatoa utomvu. Ni maji yamezidi. Punguza kumwagilia, zilizolala ng'oa uzifukie tutani, zilizobaki zitabeba.

Na ukishindwa kabisa, nyanya Mwika sokoni zipo. Nani atajua? Watu wakishakunywa wanauliza nyama, hawaulizi kachumbari.

Stella


Mwika, 28 Januari 2024

Wifi Stella,

Shikamoo. Naondoka keshokutwa. Kaka yangu Elimringi anakuja na pikapu kutuchukua.

Nilifuata neno kwa neno mpaka mwisho, hata lile la soko. Tarehe ishirini na tano watu walikula, walinywa, hakuna aliyeuliza kitu. Kisha wewe ulisimama na sahani mkononi, mbele ya watu themanini, ukaniuliza kwa sauti nzuri kabisa: "Mama Mary, nyanya hizi umezichuma tuta lipi?" Nilikutazama. Nilidhani unatania. Mzee Hosea akaweka pembe ya mbege chini. Walishuka wote kwa mstari kwenda kuyaangalia matuta ya chini, akina mama na viatu vyao vya kanisani, na Primus akang'oa shina kavu akalipandisha juu watu walione.

Nakuandikia kukukabidhi.

Ng'ombe anakamuliwa saa kumi na moja, kulia ana chuchu moja iliyoziba. Mfereji zamu yetu ni Jumatano na Jumamosi. Kaburi la Eliudi nimelipalilia. Na bustani nimekuandalia. Siku kumi hizi nimefanya kazi hiyo tu. Nimebeba mboji na udongo nikaweka matuta yote manne ya juu, mpaka kwenye kona, nikachanganya vizuri kwa jembe. Utakuta udongo mweusi, umelainika.

Elinipendo


Mwika, 21 Aprili 2024

Mama Mary,

Nimehamia tangu Pasaka. Nyumba uliiacha safi, na bustani pia, sikutegemea. Mwenzio angemwaga chumvi.

Nimefagia chumba cha mama, ndicho ninacholala. Asubuhi nikifungua dirisha naona mlima wote. Miaka sitini na mbili nimeusubiri mlima huo kwenye dirisha hilo.

Nasikia Eliona anataka kuja kuweka maua kwenye kaburi la baba yake. Siyo vibaya, ila sasa pana mwenyewe. Aombe kwanza kwa Primus. Na asikatize kwenye matuta ya juu, Agosti naotesha nyanya, sitaki kukanyagiwa.

Usiwe na kinyongo. Hivi ndivyo ardhi ilivyo.

Stella


Mwika, 24 Novemba 2024

Dada Stella,

Nimepita kwako mara mbili umejifungia, sasa nakuachia karatasi hii mlangoni.

Nimeziona nyanya zako zilivyolala. Watu wote wameziona, zinaonekana toka barabarani. Mzee Hosea ameuliza Krismasi nani analisha, nikasema dada. Akasema masharti ni yale yale, kihamba hakijui ndugu wala mtaalamu.

Dada, mimi nakupenda. Lakini yupo mtu anataka kupanga nyumba hiyo aweke wageni wanaopanda mlima, na watoto wangu wanasoma. Ukishindwa kulisha ukoo, nitasema nini mimi? Wewe mwenyewe ulisema aliyeshindwa aondoke. Habari ya kaburi tutazungumza wakati wake, bado una nguvu.

Primus


Mwika, 8 Desemba 2024

Elinipendo, mke wa mdogo wangu,

Ndani ya bahasha hii kuna jani la isale, nimelifunga fundo kwa mkono wangu. Nimelikata kwenye mpaka, pale chini. Huna haja ya kuambiwa maana yake. Mchagga akitumiwa isale, hata kama amemwaga damu yule anayelituma, hakatai kumsamehe na kumsaidia.

Nimekosa. Mbegu ile ya viazi nilijua.

Sasa nisikilize. Nyanya zangu zote za juu zimelala. Viazi vimelala. Nyanya chungu, pilipili hoho, hata mnavu. Miche mia tano na themanini. Nimekata shina nikaweka kwenye glasi. Sikuhitaji kungoja, nilishajua. Lakini sielewi. Mbegu yangu ilikuwa safi, jembe nililiosha, maji nayachukua juu kabisa. Ugonjwa ulikuwa chini. Nimefanya kazi hii miaka thelathini, sijawahi kuuona ukipanda. Kabichi na vitunguu, visivyoshikwa na ugonjwa huu, ningepanda, lakini sikuwa na sababu.

Primus anataka kunitoa. Nikitoka hapa nakwenda wapi? Chumba cha Moshi nilishakirudisha. Sina mtoto. Mimi nataka kufia hapa tu.

Mama Kindness ananiambia bustani yako ya Marangu inatisha, nyanya zimeinamisha matawi, na kwamba ukiulizwa unasema aliyekufundisha ni mimi. Nisaidie. Matenga sita ya nyanya, viazi madebe matano, mnavu kiasi. Zifike tarehe ishirini na nne alfajiri, watu hawajaamka, kwa njia ya mferejini. Nitakungoja mwenyewe.

Usinikatalie. Isale unalo mkononi.

Stella


Marangu, 15 Desemba 2024

Wifi Stella,

Shikamoo.

Isale limefika bichi. Nimelipokea kwa mikono miwili mbele ya kaka yangu, kama inavyotakiwa. Sikukatalii.

Kwanza nijibu lile usiloelewa. Tarehe kumi na sita Januari, wakati bado nafungasha, Justina, mke wa Primus, alinijia na barua uliyomwandikia mumewe. Primus hakuichoma. Aliikunja akawekea mguu wa kabati usiyumbe, mkewe akaiona alipofagia. Niliisoma mara mbili, nikaipeleka kwa Mzee Hosea. Aliisoma yote kwa miwani yake, akaikunja vizuri, akanirudishia. Akasema, "Mama, barua haioti nyanya. Ukoo umeshaamua." Nikamshika miguu. Akaniambia nisimchafulie viatu.

Nikarudi nyumbani, nikachukua tenga.

Zile nyanya ulizoniambia nizifukie, nilizifukua. Vile viazi vyenye ute pia, vilivyobaki. Na udongo wenyewe wa chini, kina cha jembe. Matenga mia moja na arobaini kwa siku kumi. Sikuacha tuta hata moja. Siku ya mwisho nilifungulia mfereji juu nikalowesha matuta yote, na kwenye mpaka niliuziba kwa magunia, jirani hana kosa lolote.

Uliandika kwamba ugonjwa huu haupandi mlima. Ni kweli kabisa, haupandi. Niliubeba kwa kichwa.

Uliniuliza pia kwa njia yako mambo ya kaburi. Eliona aliomba kwa Primus kama ulivyoagiza. Primus alimwambia aje mwakani. Kwa hiyo mwanangu ana mwaka mmoja wa kungoja, na wewe una siku kumi.

Sasa msaada. Nyanya matenga sita, viazi madebe matano, mnavu mafungu hamsini. Zote ni za kwangu, nimezilima kwa barua zako. Yale ya sabuni, ya majivu, ya samadi kufunikwa, yalikuwa kweli yote, na nimeendelea kuyafuata. Ila alfajiri sitaweza, na njia ya mferejini ina matope. Elimringi atazileta kwa pikapu tarehe ishirini na tano, saa saba mchana, watu wakiwa wameshakaa. Ataingilia lango kubwa. Isale lako litakuwa juu ya tenga la kwanza, ili ukoo ujue kwamba uliomba na kwamba sikukataa.

Mary ndiye atakayezishusha. Ana miaka kumi na sita sasa, ana nguvu. Nimemwambia aziweke mbele ya Mzee Hosea, apige goti, atoe shikamoo. Najua mzee atamuuliza zimechumwa tuta lipi.

Mary nimemlea kujibu wakubwa anapoulizwa.

Elinipendo